Makovu ya Mguu wa Kushoto

12 Septemba 1949

Jibu la Tume ya askari walemavu limefika leo na lori la mgodi wa Omate. Nimelisoma nimesimama, nikalisoma nimekaa, halikubadilika. "Makovu yaliyoonekana kwenye mguu wa kushoto ni mikato ya mganga wa kienyeji. Ulemavu umetokana na mikato hiyo, si na vita. Ombi la kadi ya ulemavu limekataliwa."

Mganga wa kienyeji. Mimi, Benoît, sajini mstaafu, niliyeandika katika gazeti la misioni makala baada ya makala dhidi ya waganga na nyembe zao, hata mapadri wenyewe wakaniomba nipunguze ukali! Ni kama kumfunga katekista kwa kosa la kutambikia mizimu.

Mambo ni haya. Mguu huu ulivunjwa na mzinga wa Waitaliano chini ya vilima vya Saio, huko Abisinia, mwaka wa 1941. Madaktari wa jeshi waliushughulikia Sudani. Nikaletwa nyumbani Walikale ukitoa usaha, nikashikwa na homa ndefu ambayo siikumbuki, na unga mweupe wa mwuguzi wa misioni ukaniponya. Makovu ni ya madaktari wa jeshi. Basi. Nitaandika humu tangu leo hadi nitakaposimama mbele ya Tume, ili asiwepo mtu wa kuniambia kwamba nimechanganya habari. Rufaa inapokelewa mpaka mwisho wa mwaka.

13 Septemba

Mvua. Mguu unauma.

15 Septemba

Védaste, moniteri wa kilimo, mkaguzi wa mashamba ya serikali, amepita na kamba yake ya kupimia. Ni kijana wa milima ya Masisi, mwenye viatu safi kuliko dhamiri yake. Nilimwambia ninakata rufaa.

"Papa Benoît, rufaa haioteshe mupunga," akasema. "Mutu mwenye hana karte ya ulemavu, kwa serikali ya Bula Matari iko mutu muzima. Shamba ya lazima ilimwe mbele ya Noeli. Kisha Noeli, kazi ya barabara."

"Na mguu huu?"

"Muguu iko yako, Papa. Mimi ninapimaka shamba."

Mwaka jana niliteleza kwenye gogo nikalala matopeni nikiwa na panga mkononi, na Godelieve mke wangu akanivuta kwa makwapa kama mzigo wa mihogo. Shamba halikukamilika. Nikakaa gerezani Walikale, mimi niliyewafundisha askari wa gereza lile jinsi ya kusimama imara. Mwaka huu hakimu ametangaza kwamba anayerudia kosa atachapwa fimbo mbele ya watu. Sijui kama ninaogopa fimbo. Ninachojua ni kwamba sitalala chini mbele ya watu.

19 Septemba

Wamekuja tena. Kila mwanzo wa mvua wanakuja, na mwaka huu wamezidi: wanaume wenye mapanga, na wanawake wenye watoto mgongoni. Wamesimama uani, wakanisalimu kwa pamoja: "Jambo, Papa ya Chuma."

Mimi na Godelieve hatukujaliwa mtoto. Kijiji kizima kinalijua hilo. Na kijiji kizima kinajua mguu wangu ulipatwa na nini. Kumwita "Papa" mtu asiye na mtoto, na kumpachika chuma mtu aliyelemazwa na chuma, ni matusi mawili ndani ya salamu moja. Niliwafukuza kwa mkongojo. Mwanamke mmoja alilia akienda zake. Hilo sikulielewa, anayetukana halii.

Godelieve alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho.

24 Septemba

Mvua mchana kutwa. Nimesoma kitabu cha sheria za kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyekiandika hajawahi kutembea kwenye tope.

2 Oktoba

Nilikusudia kuandika kurasa kumi leo, na sasa sijui hata nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa natunga hoja yangu kuu: kwamba tangu nizaliwe hakuna mganga aliyegusa mguu wangu, na mke wangu ni shahidi. Nikamwita Godelieve aweke kidole gumba chini ya sentensi hiyo. Akafuta mikono, akakaa, akautazama mguu, si karatasi.

"Siweke kidole," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu iko uongo."

Nikamwambia apime maneno yake. Akasema ameyapima tangu niliporudi vitani. Kisha akayamwaga yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni.

Unga mweupe wa mwuguzi ulimalizika kabla homa haijapungua. Mwuguzi mwenyewe alimwambia aandae sanda. Mjomba wangu, marehemu sasa, akanibeba usiku na wanaume wengine hadi ng'ambo ya mto, kwa Kubuya.

Kubuya! Mzee yule mwunga mifupa niliyemwandika kwa jina gazetini. Anavuta tumbaku mbele ya kanisa wakati wa misa, makusudi.

"Alikukata na kawembe kadogo kadogo," Godelieve akasema, "mistari kama ya chane la ndizi. Akatia dawa. Chuma ikatoka. Niliiona na macho yangu. Nyeusi, kama jino ya mbwa."

"Na hukuniambia."

"Ulipoamka, neno ya kwanza ulisema, 'Mungu abariki mwuguzi.' Kisha ukaomba karatasi na wino. Nitakuambia wakati gani? Ulikuwa umeshaanza kuandika."

Nimeukunja mguu wa suruali nikayatazama makovu kwa mara ya kwanza kama mgeni. Ni mistari midogo, iliyopangwa. Daktari wa Tume aliona kitu ambacho mimi, mwenye mguu, sikukiona. Basi amesema kweli? La, amesema uongo, kwa sababu chuma kilikuwa ndani. Lakini mimi pia nimesema uongo. Tumeongopa wote wawili, kila mmoja akiamini anasema kweli, na kati ya uongo wake na wangu kuna mguu unaouma.

3 Oktoba

Sikuandika. Yaani naandika kwamba sikuandika.

7 Oktoba

Nimevuka mto. Kubuya alikuwa barazani akimfunga mtoto mkono kwa vijiti vya mianzi. Hakuniomba nikae.

"Huyu njo Papa Benoît," akamwambia yule mtoto. "Mutu mukubwa ya gazeti. Mimi sijue kusoma, lakini banasema aliniandikaka muzuri. Niko nani tena? 'Fisi ya ngambo ya mto'?"

"Fisi wa ng'ambo ya mto," nikasema. Sikuona faida ya kukana.

"Eeh. Fisi." Alicheka mpaka akakohoa. "Na kuku yako iko wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza, huku akiendelea kufunga. Anapounga mguu wa mtu, huvunja mguu wa kuku, akaufunga kwa dawa ileile. Kuku akitembea, mtu atatembea. Kuku huyo hurudi nyumbani kwa mgonjwa, na haliwi mpaka afe mwenyewe kwa uzee.

Nikamkumbuka kuku aliyechechemea nyumbani kwetu mwaka ule. Nilidhani Godelieve anamwonea huruma.

"Tulimla Pasaka," nikasema. "Na mapadri."

Kubuya aliacha kufunga. "Mulikula muguu yako," akasema taratibu. "Na mapadri. Na chumvi?" Kisha akanitazama ninavyosimama. "Njo maana unachechemea mpaka leo. Mimi nilikuwa najiuliza wapi nilikosea."

Yafaa niandike kwamba huo ni upuuzi. Ni upuuzi. Sasa nimeshaandika.

Nikamuuliza kilipo chuma. Nikamweleza kwamba bila chuma sina ushahidi, na bila ushahidi ni shamba, barabara, fimbo. Akasikiliza kwa makini kuliko karani yeyote niliyewahi kukaa mbele yake. Kisha akatoa chini ya paa mfuko wa ngozi ya swala, na ndani yake wembe mdogo, mwembamba, umekaa vizuri kwenye mpini wa mfupa.

"Chuma njo hii."

"Huu ni wembe."

"Chuma yenye ilikula mutu, hauitupe. Ukiitupa, itatafuta nyama ingine. Unaipeleka kwa muhunzi, anaipa kazi ya kuponya. Tangu wakati ule, kila mutoto wa hapa mwenye anashikwa na kifua, tunamukata na hii. Batoto wengi, Papa Benoît. Na mutoto mwenye amekatwa na chuma yako iko mutoto yako. Nyumba yao inakupa siku ya panga ku shamba yako, kila mwanzo ya mvua, mpaka utakufa. Njo desturi. Lakini banasema unabafukuzaka na fimbo."

Nilikaa chini bila kuombwa.

8 Oktoba

Mvua. Wale waliokuja uani hawakuwa wakinitukana. Nimejaribu kuisoma sentensi hii kama ninavyosoma hoja za adui, nitafute lilipo kosa. Sijalipata.

11 Oktoba

Lakini kuna hatari. Nikikubali siku zao za panga, nimekubali wembe. Nikikubali wembe, kila nilichoandika ni moshi. Afadhali Tume inipe kadi yangu kwa haki, kwa sheria iliyoandikwa, nisiwe na deni la shukrani kwa mtu. Nitakwenda Kirotshe, inakokaa Tume, na wembe. Chuma ni chuma hata kikinolewa.

29 Oktoba

Kubuya amekubali kuniazima. Sharti lake: urudi kabla ya mwezi wa Desemba, maana mvua kubwa huleta kifua. "Na usiwaonyeshe sana," akasema. "Wazungu banapendaka kushika vitu."

12 Novemba

Masisi. Lori limekwama mara nyingi kuliko lilivyotembea. Huku milimani ni ukungu na ng'ombe. Nimelala kwa familia ya wakulima Wakristo walionipa viazi na maziwa, wakaniuliza vita vilikuwaje. Zamani ningeongea hadi jogoo awike. Nimesema kulikuwa na baridi.

15 Novemba, Kirotshe

Tume imekaa katika darasa moja la shule, ziwa likiwaka dirishani. Mpokeaji ni karani mkalimani aitwaye Ndagijimana, mwenye miwani na suti iliyopigwa pasi vizuri. Aliposikia jina langu alisimama.

"Ni weye Benoît wa gazeti? Papa, nilikuwa nakata makala yako na makasi, nabandika ukutani. Ile ya 'Kila wembe wa mganga ni mulango wa kaburi ya mutoto.' Hata daktari nilimutafsiria. Alifurahi sana."

Nilipaswa kugeuka palepale nirudi kwenye lori.

Daktari ni mtu mpole. Naandika hivyo kwa sababu nilijiandaa kwa mtu mkali, na hoja zangu zote zilikuwa zimenolewa kwa ajili ya mtu mkali. Aliubonyeza mguu mahali pengi. Upande wa nyuma, juu ya kifundo, nilipiga kelele. Akaandika kitu. Kisha akauliza, na Ndagijimana akatafsiri:

"Uliona chuma kikitoka?"

"Hapana. Nilikuwa na homa."

"Nani aliona?"

"Mke wangu."

"Yuko hapa?"

"Yuko Walikale."

"Kwa hiyo unayoyajua kuhusu mguu wako ni uliyoambiwa."

Nimebishana na mapadri, na mahakimu, na kapiteni mmoja aliyekuwa na bastola mezani. Sijawahi kuulizwa jambo la kweli namna hiyo. Nikatoa wembe. Nikaeleza: chuma, mhunzi, kazi. Nilijisikia nikieleza desturi za Kubuya kwa ufasaha kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote, na sauti ilikuwa yangu.

Daktari aliugeuzageuza wembe kwenye mwanga.

"Huu ndio uliokukata?"

"Huu ulitengenezwa baadaye, kwa chuma kilichotoka."

"Lakini ulikatwa kwa wembe kama huu."

"Ndiyo."

"Ndivyo tulivyoandika," akasema, bila ubaya. "Na unaendelea kutumika?"

"Kwa watoto wenye kifua."

Hapo uso wake ukabadilika. Akazungumza kwa muda mrefu. Ndagijimana alipoanza kutafsiri hakunitazama. Daktari alisema kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuonyesha vizuri hatari ya nyembe hizi. Kwamba anakubaliana nami kwa kila neno. Kwamba hawezi, kama daktari, kurudisha kitu hiki vijijini. Akautia ndani ya chupa ya spiriti, akafunga kifuniko.

Nilitafuta hoja ya kumpinga. Zote nilizozijua nilikuwa nimeshampa mwenyewe, na zilikuwa zimebandikwa ukutani.

"Ni mali ya watu," nikasema mwishoni. "Niliazima."

"Samahani, Papa," akasema Ndagijimana. Hilo halikuwa tafsiri.

22 Novemba

Nyumbani. Mguu umevimba. Ombi limekataliwa tena; naweza kuleta ushahidi mpya hadi mwisho wa Desemba. Védaste alipita, akaliona shamba lililojaa magugu, akaandika.

24 Novemba

Nimemwambia Kubuya. Nilingoja anilaani. Alijaza kiko chake.

"Nilikuambia banapendaka kushika."

"Nitaandika barua. Nitadai wembe urudishwe. Nitafika hadi Leopoldville."

"Weye? Utaandika juu ya kurudisha wembe ya fisi?" Alitikisa kichwa. "Dunia imegeuka tumbo juu." Akavuta moshi. "Mwambie Godelieve akulete siku utakubali nikukate tena. Alikubonyeza wapi, ule daktari?"

Nikamwonyesha.

"Eeh. Chuma iko na ndugu yake pale. Nilijua. Mvua inamuamushaka. Mimi nilingoja weye mwenyewe uje, maana mara ya kwanza ulikatwa bila kukubali, na angalia fujo yenye ilileta."

27 Novemba

Mtoto wa jirani, Sidonie, ana kifua. Namsikia kutoka hapa akikohoa. Mama yake alipita mbele ya nyumba, akanisalimu, wala hakuuliza kitu. Ingekuwa afadhali angeuliza. Nimempeleka kwa mwuguzi mimi mwenyewe. Unga na vidonge vipo safari hii, na amepewa. Sijui kitakachomponya. Nimegundua sitaki tena kulijua hilo ili kumshinda mtu.

1 Desemba

Nimekubali. Naandika neno hili peke yake ili niweze kuliona: nimekubali.

Lakini na mimi niliweka masharti. Wembe mwingine atakaotumia uchemshwe ndani ya maji kwanza, mbele yangu. Kubuya alikasirika, kisha akauliza kwa nini, kisha akakubali kuchemsha. "Mara hii," akasema. "Nikiona haiharibu dawa, nitaona."

6 Desemba

Jana chuma cha pili kilitoka. Nilikuwa macho, sina homa, Godelieve amenishika mabega. Maumivu siyaandiki, si kwa ushujaa, sina maneno yake. Kubuya akasafisha kitu kwa jani akakiweka kiganjani mwangu.

Kidogo, cheusi, upande mmoja umechongoka. Hatimaye nimekiona kwa macho yangu, mimi na si kwa kuambiwa. Sasa daktari yule aniulize.

Godelieve alisema kile nilichokuwa nakifikiri. "Ku Kirotshe, ao kwa muhunzi?"

Kubuya alinawa mikono akiwa ametupa mgongo. Alinawa muda mrefu.

7 Desemba

Nimekitazama kutwa nzima. Kikienda Kirotshe, huenda wakanipa kadi, nikawa mlemavu halali. Huenda wakasema: huyu amekatwa tena na mganga. Kikienda kwa mhunzi, nimejichagulia upande ambao nimeupiga vita nusu ya maisha yangu, na hata sasa siwezi kusimama nikautetea mbele ya mtu mwenye akili. Nimejaribu kupanga sababu za huku na sababu za kule. Za Kirotshe ni nyingi zaidi, na ni bora zaidi. Sidonie bado anakohoa, ingawa si sana.

8 Desemba

Nimekaa kwa mhunzi. Nilimwomba anipe mivukuto, maana ni kazi ambayo mtu huifanya akiwa amekaa. Chuma kilipoiva kikawa na rangi ya ziwa la Kirotshe jioni. Hakikuwa na alama yoyote ya Waitaliano.

12 Desemba

Rufaa nyingine nimeipeleka posta bila chuma, ambacho sasa ni wembe wa Kubuya: kurasa kumi na moja, na nyingine nne za kudai wembe wa kwanza. Watakataa zote mbili. Ninalijua hilo vizuri kuliko mengine yote niliyoyaandika humu.

14 Desemba

Wamekuja. Sikuwaita, mtu fulani amewaambia, nadhani Godelieve. Walisimama mbali kidogo kuliko siku ile, wakiutazama mkongojo. "Jambo, Papa ya Chuma," akasema mama yake Sidonie, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kina cha mto.

Nilikuwa na hotuba. "Jambo," nikasema. Wakaelekea shambani.

20 Desemba

Védaste amefika na kamba yake. Alisimama ukingoni mwa shamba, akaangalia mpunga uliopandwa kwa mistari, akaangalia watu walioinama huku na huku, akanitazama mimi niliyekaa juu ya gogo nikipukusa maharagwe.

"Papa Benoît, nani alilima hii? Kulipa vibarua ni kosa."

"Sikumlipa mtu. Ni watoto wangu na watu wa nyumba zao."

Akafungua daftari, akageuza kurasa, akalifunga. "Papa, weye hauna mutoto. Hata mumoja. Kila mutu anajua."

Ningeweza kumweleza. Nina ufasaha, nina kitabu cha sheria, na mvua ilikuwa bado mbali. Nilianza sentensi, nikaona sijui kama ninachotaka kusema ni kweli au si kweli, nikaiacha njiani. Nikamwonyesha shamba kwa mkono.

"Pima," nikamwambia.